Asali ya Tabora na Namba Iliyoandikwa kwenye Chupa

Asali ya misitu ya miombo inayokusanywa Tabora, ikapita Kanyenye na kata nyingine za manispaa kuelekea kwa wanunuzi wa mbali, ina mpaka mmoja mgumu: 50. Kiwango cha kimataifa cha Codex, na pia agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001, vinataka asidi huru katika asali isizidi miliekivalenti 50 kwa kila kilo. Ikizidi hapo, hutiliwa shaka kuwa imeanza kuchacha. Zamani pembe za ndovu zilizopita mji huu kwenda pwani zilipimwa kwa frasila. Leo asali hupimwa kwa bureti, na haki ya mfugaji nyuki inategemea mmumunyo uliomo ndani yake.

Kwa nini miliekivalenti, si gramu? Kwa sababu asali haina asidi ya aina moja. Kimeng'enya cha nyuki hugeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki, ambayo ndiyo nyingi zaidi. Zimo pia asidi za sitriki na fomiki, na asali ikichacha huongezeka ya asetiki. Hatuwezi kujua kila moja ina gramu ngapi kwa kipimo kimoja, lakini tunaweza kuhesabu uwezo wake wote wa kukutana na alkali. Hesabu hiyo ndiyo ekivalenti (miliekivalenti ni sehemu yake ya elfu), na idadi ya ekivalenti katika lita moja ya mmumunyo ndiyo nomaliti.

Ili kupata uzito wa ekivalenti moja, gawa uzito wa moli kwa idadi ya haidrojeni ambazo asidi inatoa au alkali inapokea. Asidi ya salfuriki, 98.08, inatoa mbili, hivyo ekivalenti yake ni gramu 49.04, na mmumunyo wa mola 1 una nomaliti 2. Sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ni 40 kwa 1, hivyo lita moja ya 0.1 N (N ni nomaliti) inahitaji gramu 4.

Tatizo linaanzia kwenye gramu hizo 4. Kostiki soda hunyonya unyevu na hewa ya ukaa tangu kopo linapofunguliwa, hata ikiwa iko juu ya mizani. Gramu 4 ulizopima haziwezi kuwa kostiki soda tupu. Kwa hiyo mmumunyo huu hutengenezwa kwa makadirio, kisha hupimwa dhidi ya kitu kinachoaminika.

Kitu hicho kinaweza kuwa asidi ya oksaliki yenye fuwele safi. Uzito wake pamoja na maji ya fuwele ni 126.07, inatoa haidrojeni mbili, hivyo ekivalenti ni 63.03. Kwa mililita 250 za 0.1 N: 63.03 × 0.1 × 0.25 = gramu 1.576. Usizikaushe kwenye oveni, kwani zikipoteza maji yake hesabu nzima inavurugika. Yeyusha kwenye bika, mimina yote ndani ya chupa ya ujazo pamoja na maji ya kusuuzia bika, kisha ongeza maji yaliyokenekwa hadi kwenye alama. Maji ya kuyeyushia kostiki soda yachemshwe kwanza ili yatoe hewa ya ukaa, na mmumunyo uhifadhiwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana.

Sasa chukua mililita 25 za oksaliki kwa pipeti, tia matone ya fenolfthaleini, dondosha alkali mpaka waridi hafifu ibaki. Tuseme zimetumika mililita 26.6. Kwa N1 × V1 = N2 × V2, ambapo V ni ujazo, alkali ni 25 × 0.1 ÷ 26.6 = 0.0940 N, wala si 0.1.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ipeleke kwenye asali. Gramu 10 huyeyushwa katika mililita 75 za maji, alkali ikaongezwa hadi pH 8.3. Mita ya pH ni bora hapa, kwa kuwa rangi ya asali nyeusi huficha waridi ya kiashiria. Tuseme zimetumika mililita 5.2. Aliyeamini lebo ya 0.1 N atapata 5.2 × 0.1 × 100 = 52 (100 ni ya kugeuza gramu 10 kuwa kilo), na asali inakataliwa. Aliyepima alkali yake atapata 5.2 × 0.0940 × 100 = 48.9, na asali inapita. Asali ni ile ile. Kilichotofautiana ni uaminifu wa chupa.

Wanakemia wengi leo wanapendelea molariti, yaani idadi ya moli katika lita, kwa sababu nomaliti hubadilika na mmenyuko: pamanganeti ya potasiamu ina ekivalenti ya 31.6 katika asidi lakini 52.7 katika mazingira yasiyo na asidi wala alkali. Hoja yao ina uzito. Ila kwenye asali tunapima uwezo wa pamoja wa asidi nyingi, na hapo ekivalenti inajibu swali lililoulizwa.

Kwa hiyo kila maabara inayopima asali iandike kwenye chupa nomaliti iliyopimwa hadi desimali ya nne, pamoja na tarehe na jina la aliyeipima, na irudie kupima mara kwa mara. Mfugaji nyuki anayeambiwa asali yake imezidi 50 ana haki ya kuuliza alkali iliyotumika ilipimwa lini na ilikuwa na nomaliti gani.