Pezi Moja, Swali Moja: Kumtambua Trauti Buli

Kwenye mito ya Montana, Marekani, mvuvi wa ndoano huwa na sekunde chache za kuamua. Samaki yumo wavuni anapaparika, na mto huohuo una trauti wa aina kadhaa wanaoshabihiana. Mmoja wao, trauti buli (Salvelinus confluentus), analindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tangu 1999 ulinzi huo umeenea kwa majimbo yote anamopatikana kusini mwa mpaka wa Kanada. Kumchukua ni kosa, isipokuwa sehemu chache zenye kibali maalumu.

Wahifadhi wamempa mvuvi kanuni moja fupi: tazama pezi la mgongoni, kama halina weusi, mrudishe majini.

Kanuni hii imesimama juu ya maumbile. Trauti wa kahawia na trauti wa upinde wa mvua wana madoa meusi, na madoa hayo hupanda mpaka kwenye pezi. Trauti buli ni kinyume chake: mwili wake ni wa kijani kilichofifia, madoa yake ni ya manjano au waridi, na pezi lake ni safi. Anayechanganya watu ni trauti bruku, lakini pezi lake lina michirizi myeusi iliyopindapinda kama njia za minyoo. Trauti wa ziwani naye hutambulika kwa mkia uliopasuka sana, mfano wa panda ya manati. Wa buli umebonyea kidogo tu.

Ubora wa kanuni hii uko hasa katika upande unaoelemewa na makosa. Ukimrudisha asiyelindwa, umekosa kitoweo cha siku moja. Ukimchukua buli, umeua samaki anayehitaji miaka minne hadi saba kukomaa, tena katika maji ya baridi, aghalabu chini ya nyuzi 15.

Kasoro ipo. Bruku, aliyeletwa kutoka mashariki mwa Amerika, huzaana na buli, na pezi la chotara linaweza kuwa na alama hafifu zisizosomeka. Hapo shaka yenyewe ndiyo jibu: mwachie.

Lakini kumtambua samaki kisha akafia mikononi mwako ni kazi bure. Bana kijino cha ndoano kwa koleo kabla ya kurusha mshipi. Lowesha viganja, kwa kuwa mkono mkavu hubandua ute unaomkinga na maradhi. Usitie vidole mashavuni. Mchunguze akiwa bado majini, linyanyue pezi taratibu kwa kidole, kisha mshike akielekea mkondo unakotoka, maji yapite mashavuni. Usimsukume. Subiri mpaka apige mkia mwenyewe na kuondoka.