Hodi Isiyojibiwa

Nyumba ina ruta mbili. Ya kwanza iliwekwa sebuleni na kampuni ya intaneti. Ya pili ilinunuliwa Kariakoo baada ya mawimbi kushindwa kufika chumba cha nyuma. Kompyuta ya sebuleni inafungua intaneti bila shida, na laptopu ya chumbani vivyo hivyo. Lakini picha za harusi zilizohifadhiwa kwenye laptopu hazionekani sebuleni, na kila mtu ana dawa yake. Mmoja anazima na kuwasha, mwingine anataka Windows ipigwe upya, wa tatu ameshaanza kuulizia bei ya ruta nyingine.

Fundi akifika, kwa muda hagusi kitu. Anatazama taa kwenye matundu ya waya, anasoma anwani ya kila kompyuta na kuiandika kwenye karatasi. Kisha anafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika neno ping, likifuatiwa na anwani ya kompyuta ya pili. Waliosimama nyuma yake wanaona mistari minne ya maandishi meupe. Yeye anaona habari.

Programu hiyo iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara moja ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland. Ilimchukua jioni moja tu, mistari kama elfu moja, na jina akalichukua kwenye mlio wa chombo ambacho nyambizi hutumia kutafuta vitu majini kwa sauti. Kazi yake ni nyepesi kueleza: kompyuta moja inatuma ujumbe wa mwangwi, nyingine inatakiwa kuurudisha, na muda uliopita kati ya kwenda na kurudi unapimwa. Ni hodi inayosubiri karibu.

Muuss alisimulia kisa alichokisikia kwenye mkutano wa wataalamu wa kompyuta, na kila mwenye kuupenda ufundi huu angefaa kukijua. Msimamizi mmoja wa mtandao alisumbuliwa na hitilafu ya kuja na kuondoka, ile mbaya kuliko zote, maana ukiitafuta haipo. Akaipangia kompyuta yake itamke "ping" kila jibu linaporudi, akaiunganisha na redio kubwa ya ofisini, akafungulia sauti mpaka mwisho wa uvumilivu wake. Halafu akazunguka jengo zima akitikisa viunganishi vya waya kimoja kimoja. Sauti ilipokatika, alikuwa ameshika kiunganishi kibovu mkononi.

Kazi inakolea pale jibu lisiporudi. Kwa wengi kimya ni kimya, basi. Fundi anajua kwamba kimya kina aina zake, na sehemu kubwa ya akili ya kazi hii imo humo. Kabla ping haijatoka kwenda kwa jirani, kompyuta isiyo na jibu tayari hulazimika kuuliza mtandao mzima wa nyumbani: nani mwenye anwani hii, na kadi yake ya mtandao ina namba gani? Utaratibu huo unaitwa ARP. David Plummer aliueleza mwaka 1982, na hadi leo unafanya kazi kila saa katika nyumba ambazo hakuna aliyewahi kusikia jina lake. Swali hilo likikosa wa kulijibu, kompyuta inatangaza kwamba mwenzake hafikiki. Hapo fundi anaugeukia waya, au Wi-Fi, au anachunguza kama laptopu imeingia kwenye mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huuwekea kizuizi ili wageni wasiwafikie wenyeji.

Lakini huenda swali la ARP likajibiwa na ping ikaishiwa muda. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Kompyuta ipo, imewaka, njia ya kuifikia ni nzima, ila fayawoli yake, yaani mlinzi wake wa mlango, imeamuriwa isiitikie. Fundi anaandika arp -a, na namba ya kadi ya mwenzake inatokea kwenye orodha, kwa sababu kompyuta inaweza kuinyamazia ping ikaendelea na kazi zake, lakini ikiinyamazia ARP haitaweza kuzungumza na jirani yeyote. Kubisha hodi kwa mtu aliyejifungia ndani si sawa na kubisha kwenye nyumba tupu. Asiyejua tofauti hiyo atanunua waya mpya kutibu fayawoli.

Mara nyingine hata ping haihitajiki. Anwani ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, ikakosa wa kuipa, ikajitungia yenyewe. Waya nao una siri zake: una jozi nne za nyuzi, na mwendo wa megabiti 100 unatumia jozi mbili tu, wakati gigabiti inazitaka zote nne. Kwa hiyo waya uliokatika uzi mmoja ndani unaweza kuendelea kufanya kazi miaka mingi, polepole, bila mtu kuushuku.

Na ile nyumba ya ruta mbili? Jibu liko kwenye karatasi ya fundi. Anwani ya kompyuta ya sebuleni inaanza na 192.168.1, ya laptopu ya chumbani na 192.168.0. Ruta ya pili imetengeneza mtandao wake ndani ya mtandao wa kwanza. Laptopu inaweza kutoka na kuifikia kompyuta ya sebuleni; ya sebuleni haina njia ya kuingia chumbani. Fundi anaipa ruta ya pili anwani ya ukoo wa ile ya kwanza, isiyogongana na nyingine, anaizima kazi yake ya kugawa anwani, kisha anahamisha waya kutoka tundu la intaneti kwenda tundu la kawaida. Anabadilisha kitu kimoja, anapima, ndipo anakwenda kwenye kingine. Picha zinafunguka sebuleni, na hakuna kilichonunuliwa.

Kuna nyumba ambako majaribu ni makubwa zaidi. Kisanduku cha zamani cha kuhifadhia mafaili kimetoweka ghafla baada ya kompyuta kubadilishwa, na ushauri wa haraka ni kuiwasha tena SMB1, lugha kongwe ya kugawana mafaili. Kuiwasha ni dakika chache, na mwenye nyumba atashukuru. Lakini udhaifu wa lugha hiyo ndio uliopitiwa na WannaCry mnamo Mei 2017, kirusi kilichofunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Baadaye mwaka huohuo Microsoft ikaanza kuiondoa kwenye Windows 10 mpya. Fundi anayeiheshimu kazi yake anamweleza mwenye nyumba hayo kwa utulivu, anatafuta programu mpya ya kisanduku kutoka kwa waliokitengeneza, na asipoipata anahamishia mafaili kwenye diski nyingine, hata kama kazi hiyo itakula mchana mzima.