Ngoma Waliyotunyima

Kwenye ratiba, ngoma ilipewa dakika 10. Nilipima kwa simu: zilikuwa 7. Kisha emsii akachukua maiki, akatuomba tupige makofi kwa nguvu, akamkaribisha mshairi aliyetoka Nairobi. Mshairi alisoma kwa dakika 20, zote kwa Kiingereza.

Niliandika hesabu hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili. Saa sita mchana makala haya yalikuwa tayari kichwani: wageni wamekuja na jukwaa lao, wenyeji wamegeuzwa mapambo. Stori unaijua, pengine ushaiandika. Shida ni kwamba mmoja wa wale wamama waliocheza dakika 7 ni shangazi yangu, na jioni hiyo nilikuwa nalala kwake.

Ilikuwa wikendi moja ya Mei, bara ya Kilifi, upande wa Kaloleni. Sisi hatuna majira ya baridi, kwa hivyo hatuna siku ile wanayoisubiri Wazungu, ya theluji kuyeyuka na maua kutokea. Tuna masika. Ukishuka SGR pale Miritini ukapanda matatu ya Mazeras kwenda ndani, unaona mahindi yamefika magotini, njia ni tope jekundu, na kila kitu kilichokuwa kahawia Februari sasa ni kijani mpaka macho yanauma. Kuandaa tamasha la nje mwezi huo ni kucheza kamari. Waandaaji walicheza, na Jumamosi mvua ikawapa hadi saa tisa.

Jina la tamasha sitalitaja. Ni dogo, na matamasha ya namna hii yanafanana: Jumamosi sanaa, Jumapili matembezi ya msituni, katikati mazungumzo kuhusu tabianchi, madafu kando ya lango, na bango ambalo nusu yake majirani hawawezi kulisoma. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000 kwa sisi wa mbali, bure kwa wanakijiji. Wazo zuri, ila viti vya plastiki chini ya hema vilikuwa vya waliolipa. Wanakijiji walisimama juani nyuma ya kamba, kwenye uwanja wa shule ambako watoto wao husoma.

Sasa sanaa yenyewe. Picha zilizotundikwa darasani zilikuwa nadhifu na hazikunishika: machweo, minazi, bibi mwenye mikunjo usoni. Mazungumzo ya tabianchi yalikuwa na wasemaji wanne, na hakuna hata mmoja aliyepanda mahindi mwaka huo. Kitu kilichonitoa kwenye kiti ni mchezo wa kuigiza wa vijana wa hapo hapo. Kijana anataka kuuza shamba la babu yake kwa dalali, babu anakataa, mama yuko katikati. Walichanganya Kigiriama na Kiswahili jinsi watu wanavyochanganya nyumbani, bila kumtafsiria mtu. Dalali alipotoa karatasi ya kutia sahihi, mama mmoja nyuma ya kamba alimpigia kelele babu asitie kidole. Mwigizaji hakutikisika. Alimgeukia, akamuuliza nani basi atalipa karo. Yule mama akajibu. Wa pili akajibu. Kwa dakika kama tano mchezo ulihamia nyuma ya kamba, na sisi wa viti vya plastiki tukawa tunageuza shingo. Mwandishi wake hakutajwa kwenye ratiba. Iliandikwa tu “igizo la vijana”.

Ngoma ikaja baada ya hapo. Ilikuwa gonda, kwa kayamba na ngoma mbili, wamama wakiwa na hando zilizopigwa pasi mpaka marinda yakasimama. Safi, bila kosa. Nami nikakasirika, kwa sababu nilijua wana kingine. Nilikuwa nimekuja kuona kifudu.

Jumapili tulipelekwa kuelekea kaya. Kwa msee ambaye hajui: kaya zilikuwa makazi ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu. Watu walihama taratibu, msitu ukabaki, na leo wazee wanazitunza kama mahali pa mababu. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi yake kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mzee aliyetuongoza alituonyesha mbambakofi, akatueleza ni mti gani haukatwi hata ukianguka wenyewe. Tukatembea kama nusu saa. Mahali fulani, ambapo mimi sikuona tofauti yoyote kati ya mbele na nyuma, akasimama na kusema, “Hapa ndipo mwisho wa safari yetu.” Jamaa mmoja aliomba arushe droni tu, asiingie yeye mwenyewe. Mzee alicheka kwa adabu na kutikisa kichwa. Tukageuka. Nyuma yangu mtu alinung'unika kwamba elfu nzima imeisha kwa kuonyeshwa ukingo.

Nilikuwa karibu kukubaliana naye. Lakini usiku wa Jumamosi nilikuwa nimeshajibiwa.

Tulikuwa jikoni tukichambua mutsunga. Nikamwambia shangazi nimesikitika walivyokatwa.

“Tumekatwa na nani?”

“Dakika 7, shangazi. Mlipewa 10.”

“Saba tulichagua sisi. Una habari na magoti yangu?”

Nikamuuliza kwa nini gonda, kwa nini si kifudu, ngoma ambayo kila mtu anajua kundi lao ndilo linaiweza. Aliacha kuchambua.

“Kifudu? Pale? Kwani nani amekufa?”

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto aliyekulia mbali. Wapo wanaoipeleka jukwaani na yeye hawagombezi. Kundi lao lilikaa, likaamua ngoma ya hanga itabaki kwenye hanga. Walipopigiwa simu, walitaja ngoma watakazocheza, muda, na malipo. Pesa ziliingia kwa simu kabla hawajavaa hando. “Nyinyi mnafikiri kila tusichowaonyesha tumenyang'anywa,” alisema.

Uamuzi kama huo una historia, na mtu wa kaunti hii haihitaji kusomewa. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, hata mji ukihama. Muda si mrefu viwili hivyo vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi, Udvardy alikiona kimoja kwenye slaidi za mwenzake, Linda Giles: kilikuwa kimefika kwenye makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kilikuwa Virginia. Vilirudishwa baadaye, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki. Makumbusho ya Denver nayo yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Fikiria hesabu hiyo kwa ukoo mmoja mmoja. Watu waliopitia hayo wana haki ya kumwonyesha mgeni ukingo na kumwambia ndipo mwisho.

Kwa hivyo nafuta nusu ya makala niliyokuwa nayo kichwani. Nusu ya pili naiacha. Kamba ile ilikuwa kosa. Viti vile vilikuwa kosa. Kumpa mgeni dakika 20 na kuacha kutaja aliyeandika mchezo bora wa wikendi ni kosa la aibu, na mwakani lirekebishwe. Ila kosa langu mimi kama mhakiki lilikuwa kupima tamasha kwa kiasi tulichopewa, kana kwamba wenyeji ni bomba na kazi ya waandaaji ni kulifungua zaidi. Ngoma ile ya dakika 7 ilikuwa uamuzi wa kisanaa, wa wamama walioujua uwanja, wakawajua watu waliomo, wakachagua kinachofaa. Mshairi wetu wa Nairobi angefaidika na uamuzi kama huo.

Kuna jambo lingine ambalo shangazi analijua na ambalo sikuliandika kwenye daftari. Babu alipofariki nilikuwa kidato cha nne, wiki ya mitihani, Nairobi. Nyumbani waliamua nisishuke. Kifudu kilichezwa kwa siku kadhaa na mimi nikasimuliwa kwenye simu. Tangu hapo nimezika watu wengine, kwa mahubiri na kwaya, lakini ile sijawahi kuiona. Hasira yangu ya Jumamosi ilikuwa na jina zuri, nikaiita utetezi wa utamaduni. Ukweli ni kwamba nilitaka tamasha linirudishie, kwa shilingi 1,000, usiku ambao sikuwepo.

Sikumwambia hivyo. Nilisema tu kwamba ningependa siku moja kukiona kifudu.

Shangazi alitazama chumba cha pili, ambako hawe alikuwa amelala na redio ikiwa wazi.

“Utakiona,” alisema. “Lakini usiwe na haraka.”