Fremu Nne, Tatu, Mbili, Moja: Jinsi Superman Alivyouawa

Jumatano ya tarehe 18 Novemba 1992, foleni zilijipanga nje ya maduka ya katuni kote Marekani. Waliosimama humo walikuwa wa aina mbili. Kuna waliokuwa wakimsoma Superman wiki baada ya wiki, nao walikuja kuzika. Kuna ambao hawakuwa wamemgusa tangu utotoni, nao walikuja kununua mali. Wengi wa makundi yote mawili walitoka dukani na kitu kilekile: mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa, wenye herufi S nyekundu inayochuruzika damu.

Ndani ya mfuko mlikuwa na jarida la Superman namba 75, kitambaa cheusi cha kufunga mkononi, tanzia kutoka Daily Planet, lile gazeti la kubuni analofanyia kazi Superman kwa jina lake la kila siku, Clark Kent, pamoja na stempu na bango la mazishi. Bei ilikuwa dola 2.50, mara mbili ya toleo la kawaida lisilo na mfuko. Ukijumlisha chapa zote, ziliuzwa nakala zaidi ya milioni sita. Kelele za mauzo hayo zimefunika jambo ninalotaka kulitazama hapa, yaani ufundi wa kifo chenyewe. Ulikuwepo, na ulikuwa wa hali ya juu. Tatizo ni kwamba uliundwa kwa ajili ya foleni moja ukauzwa kwa foleni zote mbili.

Kwanza mazingira ya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya DC ilikuwa na majarida manne ya Superman, kila moja likitoka mara moja kwa mwezi, kwa zamu, hivi kwamba kila wiki msomaji alikuwa na la kusoma. Tangu 1991 majarida hayo yalibeba pembetatu ndogo jaladani yenye namba ya mpangilio, ili msomaji ajue lipi linafuata lipi ingawa majina yao ni tofauti. Mhariri, Mike Carlin, alikuwa akiwaita waandishi na wachoraji wote kwenye kikao kimoja cha kupanga mwaka. Kwenye vikao hivyo Jerry Ordway alikuwa na utani wake wa kudumu: mawazo yakiwaishia, anasema tumuue tu.

Safari hii utani ulipata nafasi. Walikuwa wamepanga kumwoza Clark kwa mchumba wake, Lois Lane, lakini tamthilia ya televisheni ya Lois & Clark ilikuwa njiani, na wakubwa walitaka ndoa ya kwenye karatasi ingoje ile ya kwenye kioo. Mwaka mzima wa hadithi ukabaki bila uti wa mgongo. Harusi ikawa matanga. (Ndoa hatimaye ilifungwa 1996, karatasini na kwenye televisheni, msimu uleule.)

Mpangilio wa zamu ndio uliozaa mbinu bora kuliko zote. Kwa wiki kadhaa kabla ya pambano, majarida yalikuwa yakifungwa kwa ukurasa unaoonyesha ngumi ikigonga ukuta wa chuma gizani. Hakuna maelezo ya maana. Ngumi inagonga, wiki inayofuata inagonga tena, glavu inachanika, mfupa unatokeza. Msomaji wa kila wiki alipewa mapigo kabla ya kupewa adui, na mapigo hayo yalimfuata kutoka jarida moja hadi jingine hata pale hadithi kuu ilipokuwa ikizungumzia mambo mengine kabisa.

Kisha ikaja hesabu ya kurudi nyuma. Katika Adventures of Superman namba 497 kila ukurasa una fremu nne. Katika Action Comics namba 684 zimepungua hadi tatu. Katika Man of Steel namba 19 ni mbili. Na katika Superman namba 75, lililoandikwa na kuchorwa na Dan Jurgens na kutiwa wino na Brett Breeding, ni picha moja kwa kila ukurasa, toka mwanzo hadi mwisho.

Tazama kinachompata msomaji. Kwenye ukurasa wa fremu nne, jicho linasimama mara nne na kuvuka nafasi tupu mara tatu, na katika kila nafasi hiyo akili inajaza kilichotokea katikati. Huo ni mwendo wa kawaida wa kusoma katuni, na humpa msomaji hisia kwamba ana muda wa kupanga mambo, kama vile shujaa naye anavyopanga. Fremu zikipungua, nafasi za kupumua zinapungua nazo. Zikifika moja, hakuna tena pengo ndani ya ukurasa. Pengo pekee lililobaki ni lile la kugeuza karatasi, na kazi hiyo inafanywa na mkono wa msomaji mwenyewe. Kila ngumi inatua kwa sababu wewe umegeuza ukurasa. Maneno ni machache, picha ni kubwa, mkono unakimbia. Halafu ghafla unazuiwa: ukurasa wa mwisho hauishii kugeuzwa, inabidi uukunjue, nawe unakutana na Lois ameushika mwili mbele ya jengo la Daily Planet. Ukubwa ule ambao kwenye kurasa zote zilizotangulia ulikuharakisha, hapa unakusimamisha.

Sijui mfano mwingine wa katuni za mashujaa, kabla ya hapo, ambamo idadi ya fremu ilitumika kama saa kwa majarida manne mfululizo yaliyochorwa na mikono minne tofauti. Wachoraji wenyewe walilazimika kujinyima. Jon Bogdanove, kwa mfano, ni mtu wa kurasa zilizojaa watu na vurugu, na kwenye namba 19 amebanwa na sheria ya fremu mbili. Kazi yake imependeza kwa sababu ya kubanwa huko.

Muuaji ni suala jingine. Doomsday hana historia, hana sababu na hana maneno ukiacha jaribio la kutamka Metropolis, jina alilolisikia kwenye tangazo la mieleka. Anawapiga wanachama wa Justice League, kundi la mashujaa, akiwa na mkono mmoja umefungwa nyuma. Mashabiki wengi walinung'unika, na bado wananung'unika: mtu aliyepambana na Lex Luthor kwa miongo mitano anauawa na mgeni aliyefika juzi? Naelewa uchungu wao. Lakini Luthor angekuja na hila, hila ingehitaji maelezo, na maelezo yanahitaji fremu. Saa isingekubali. Doomsday ni kiumbe aliyeumbwa kutoshea kwenye picha moja kwa ukurasa. Gharama yake ni kwamba ukiondoa saa hiyo, kama walivyofanya watengenezaji wa filamu miaka ya baadaye, linabaki jitu lenye mifupa mingi.

Kwa maoni yangu kazi bora zaidi ilifuata baada ya namba 75, pale ambapo foleni ya pili ilikuwa imeshakwenda nyumbani. Mfululizo wa Funeral for a Friend, sehemu nane, hauna adui wa kupigwa. Una msiba. Jonathan na Martha Kent wanatazama mazishi ya mtoto wao kwenye televisheni huko Kansas, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ni mtoto wao. Lois anapewa pole kwa mchumba wake Clark aliyehesabiwa miongoni mwa waliopotea kwenye vifusi, na hawezi kumwambia mtu kwamba aliyelazwa kaburini ndiye huyohuyo. Mashujaa wenzake wanakaa kufungua barua ambazo watu wa kawaida walimwandikia wakati wa Krismasi, wakijaribu kutimiza angalau chache. Mwisho wake, moyo wa mzee Kent unashindwa.

Halafu waandishi wakafanya jambo ambalo wafanyabiashara hulichukia: walinyamaza. Mwanzoni mwa 1993, majarida manne ambayo hayakuwa yamekosa wiki yalisimama. Yalitoka matoleo maalumu mawili matatu, lakini ile zamu ya kila wiki ilikatika hadi Adventures of Superman namba 500 lilipotoka majira ya kuchipua. Msomaji aliyezoea kwenda dukani kila wiki alikuta pengo kwenye rafu. Ile nafasi tupu iliyoondolewa kurasani ilirudishwa kwenye kalenda, na ndani yake mashabiki walibishana, waliandika barua, walitunga nadharia za atakavyorudi. Huzuni ilipewa muda.

Sasa mrudie mtu wa foleni ya pili. Alinunua namba 75 peke yake. Hakusikia ngumi ukutani, hakuona nne, tatu, mbili. Alipata jarida la picha kubwa, maneno machache, linalosomeka kwa dakika tano, na jitu asilolijua likimuua shujaa wake wa utotoni. Yuko kama mtu aliyefika ngomani zumari limeshakata: anawaona wenzake wanatoka jasho na haelewi kwa nini. Ikiwa alilifungua, maana thamani ya mali ile ilikuwa katika kutolifungua. Kitambaa kilichotengenezwa kivaliwe kwa maombolezo kilibaki plastikini kikisubiri bei ipande. Aliyetaka kusoma na kuhifadhi alinunua mbili.

Hesabu ya watu wa foleni ya pili ilitokana na Action Comics namba 1 la mwaka 1938, lililouzwa senti kumi na ambalo nakala zake zilizosalia, zinazokadiriwa kuwa kama mia moja tu, zilikuwa tayari na bei ya kutisha. Walichosahau ni kwamba nakala zile ni adimu kwa sababu watoto walizisoma hadi zikachakaa na wazazi wakazitupa. Kitu kilichohifadhiwa na mamilioni ya watu siku ileile hakiwezi kuwa adimu. Na Superman mwenyewe alirejea kabla mwaka haujaisha, katika namba 82, akiwa na nywele zilizofika mabegani (nywele ambazo hata mashabiki wa kweli wamezisamehe kwa shida). Chuck Rozanski, mwenye duka la Mile High Comics huko Colorado, ameandika kwamba wanunuzi wapya walipogundua mfuko wao haukuwa na thamani waliyoitarajia, walilipa kisogo soko zima. Soko lilikuwa na maradhi mengine mengi, na wachapishaji wengine walijifuja wenyewe kwa majalada ya kung'aa, lakini hoja yake ina uzito: waliokasirika zaidi ni wale ambao hadithi haikuwa yao tangu mwanzo.

Miaka minne kabla, DC hiyohiyo ilikuwa imejaribu njia fupi. Mwaka 1988 wasomaji wa Batman waliitwa wapige simu kwa senti 50 kuamua kama Jason Todd, Robin wa pili, aishi au afe. Kura 5,343 zilisema afe, 5,271 aishi. Tofauti ya kura 72. Ni tukio maarufu, na kiufundi ni maskini: mashabiki walipewa kidole cha kubonyeza, hawakupewa matanga, na mhariri Dennis O'Neil alibaki kubeba lawama za umma ambao wengi wao hawakujua hata kwamba Robin yule hakuwa yule wa televisheni.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwangu, kwamba mashabiki wanahitaji maandalizi na matanga, unatoka ndani ya kisa hikihiki. Katika hadithi ya kurudi kwa Superman, mji wa Coast City unateketezwa pamoja na watu wake. Ulikuwa mji wa Green Lantern, Hal Jordan. Mapema 1994, katika namba 48 hadi 50 za jarida lake, Hal anapagawa kwa huzuni, anawageuka wenzake na kuwa mhalifu. Matoleo matatu tu kwa shujaa aliyekuwepo tangu 1959. Hakuna ngumi ukutani, hakuna saa, hakuna mazishi, na mwezi uliofuata pete ilikuwa kwenye kidole cha kijana mwingine. Mashabiki wake waliunda kundi, wakaliita HEAT, wakapiga kampeni mwaka baada ya mwaka. Hal alirudishwa na mwandishi Geoff Johns katika mfululizo ulioanza 2004.