Rozela Maabarani: Namba Kubwa Haijawa Dawa

Tia maua makavu ya rozela, yale ambayo wengine huyaita choya, katika vikombe viwili. Mimina maji ya moto, subiri dakika tano. Maji yatageuka rangi ya damu ya mzee. Kikombe cha kwanza kikamulie ndimu: wekundu utang'aa. Cha pili kitie magadi kidogo: wekundu utapotea, maji yaelekee ubuluu na ukijani. Rangi hiyo inayogeuka kwa asidi na magadi ni antosiani, na antosiani ni jamii mojawapo ya fenoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujikinga na jua kali, wadudu na ukungu.

Ukisoma kwenye pakiti kwamba mmea fulani una fenoli nyingi, ujue namba hiyo ilipatikana kwa hatua, na kila hatua ina athari yake.

Hatua ya kwanza ni kukausha, kusaga na kuloweka. Nyumbani tunaloweka kwa maji. Maabara nyingi huloweka kwa methanoli au ethanoli iliyochanganywa na maji, kwa kuwa mchanganyiko huo mara nyingi hutoa fenoli nyingi zaidi. Hapo tayari kinachopimwa si kile tunachokunywa.

Hatua ya pili ni kupima. Kipimo kinachotumika zaidi kina majina ya Folin na Ciocalteu, waliokichapisha mwaka 1927 wakichunguza protini. Mwaka 1965 Singleton na Rossi wakakiboresha kwa ajili ya divai. Dawa ya kipimo ni ya manjano. Fenoli huipa elektroni, nayo hugeuka buluu. Mtaalamu hupitisha mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita zipatazo 765 kwenye kichupa, aone umemezwa kiasi gani, kisha alinganishe na asidi ya galiki ambayo kiasi chake anakijua. Ndiyo maana majibu huandikwa kama miligramu za asidi ya galiki kwa kila gramu ya mmea.

Kasoro yake ni kwamba dawa hiyo haichagui. Vitamini C nayo hutoa elektroni, na baadhi ya sukari pia. Rozela ina vitamini C, kwa hiyo ubuluu wote ule si wa fenoli peke yake.

Kipimo kingine, DPPH, huanza na zambarau na kufifia kuwa manjano kadiri mmea unavyotuliza chembe huru, yaani molekuli zinazopora elektroni. Lakini chembe hizo zimo kwenye kichupa. Mwilini, fenoli hupita tumboni, huvunjwa na bakteria wa utumbo na kubadilishwa na ini, na antosiani inayofika kwenye damu ikiwa nzima ni kidogo sana. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake orodha ya vyakula vilivyopangwa kwa kipimo cha aina hii, ORAC, kwa sababu namba zake zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia bidhaa.

Ushahidi wenye uzito hutoka kwa watu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walichapisha jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda na hawakuwa wakitumia dawa za presha. Kundi moja lilikunywa vikombe vitatu vya chai ya rozela kila siku kwa wiki sita, la pili kinywaji cha kulinganishia. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7.2 kwa wanywaji wa rozela, na 1.3 kwa wenzao. Kwa namba ya chini, tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Hayo ni matokeo ya kutia moyo, tena ya chai iliyopikwa kwa maji kama yetu. Hata hivyo hayamruhusu mgonjwa kuacha vidonge vyake, na anayevitumia amweleze daktari kabla ya kuizoea rozela. Maabara imetuonyesha kilichomo kwenye ua. Kama kinashusha presha, jibu lilipatikana kwa kumfunga mtu kipimo mkononi, wiki baada ya wiki.