Si Kila Jema ni Shwari

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowapotosha wafasiri, yale ya kueleza jambo lililokwenda bila taabu yana hatari ya pekee, kwani huonekana mepesi. Neno gumu mfasiri hulitafuta katika kamusi. Jepesi hulitafsiri papo kwa papo.

Tuchukue 'seamless'. Maana yake ya asili ni kisicho na mshono, na kwa nguo tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini mwananchi akisoma katika waraka kuhusu "uhamisho wa huduma usio na mshono", hajui ameahidiwa nini. Kinachokusudiwa ni kwamba huduma haitakatizwa. Basi na isemwe hivyo. Vivyo hivyo, matabibu hutumia 'uneventful' kwa mgonjwa aliyepona bila matatizo. Kuandika kwamba kupona kwake "hakukuwa na matukio" ni kumtegea fumbo.

'Plain sailing' nayo ina kisa chake. Ilitokana na hesabu za unahodha ambamo uso wa bahari huchukuliwa kuwa bapa, nazo ni rahisi kuliko hesabu za tufe. Anayeitafsiri kwa kutaja tanga amekamata chombo na kuiacha shehena pwani.

Wengine hukimbilia 'shwari' kila mahali. Neno hili ni letu na ni zuri, ila lina mipaka yake. Shwari ni utulivu wa bahari na upepo. Na jahazi lililokosa upepo halifiki. Mkutano uliokwenda shwari haukuwa na ghasia. Bado hatujaambiwa kama ulifikia uamuzi. Kazi isiyohitaji juhudi ni mteremko. Shughuli isiyozuiliwa na lolote imekwenda bila kikwazo. Mtambo usio na hitilafu unafanya kazi barabara.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, mfasiri hana budi kujiuliza: ni taabu ipi iliyokosekana? Ni ghasia, juhudi, kizuizi, au kukatizwa? Kiingereza chaweza kuyafunika yote kwa 'smoothly'. Kiswahili humtaka msemaji achague. Hatuuoni huo kuwa upungufu wa lugha yetu. Ripoti isemayo tu kwamba mambo yote yalikwenda vizuri haimfundishi kitu atakayeirithi kazi hiyo kesho.