Wanaoketi Ngamani

Mgeni anayekuja Lamu kutazama mashindano ya mashua hutazama tanga. Mwenyeji hutazama usukani, maana anajua nahodha ndiye atakayesifiwa au kusemwa barazani jioni. Sisi ambao ushabiki umetuingia damuni tunatazama chini zaidi, ngamani, pale maji yanapojikusanya, ambapo pana kijana ameinama na upo mkononi, anakumba maji huku watu wa ufuoni wakiwashangilia wengine. Ukitaka kujua timu itakuwa na hali gani miaka kumi ijayo, usimuulize mwenye chombo. Mtazame huyo.

Mashindano yana misimu yake. Kuna ya wakati wa Maulidi, mji unapofurika wageni wa pwani nzima. Kuna ya Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huangukia Novemba, na kuna ya mwaka mpya kule Shela. Vyombo hushindana kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda, na wanamaji wake ni watu wa Shela, wa mjini, wa Matondoni, wa Kipungani. Kila upande una wake wa kujivunia, na kila baraza lina bingwa wake wa ubishi. Kama ilivyo kwa mpira, ubishi mtamu si wa nani kashinda, kwani hilo kila mtu kaliona. Utamu uko kwenye nani anakuja: kijana gani atafika, yupi atazama njiani, yupi amepewa kazi kubwa kabla ya wakati.

Mimi kwenye ubishi huo nina upande wangu, na ninausema waziwazi. Timu nzuri ni ile inayojua kuchelewesha. Mwanamaji hapikwi kwa moto mkali.

Ufundi wa tanga una madaraja yake, na la chini kabisa ni hilo la ngamani. Chombo cha mbao hunywa maji hata kikikalafatiwa vizuri kwa pamba na kupakwa mafuta ya sifa, na kikilala kwa upepo wa kusi, mawimbi huruka ukingo yakaingia yenyewe. Maji yanayobaki ndani ni uzito unaobebwa bure. Basi mtoto hupewa upo akaambiwa akumbe. Anayeitazama kazi hiyo juujuu huiona ya kitwana, kumbe ni darasa. Aliye ngamani haoni mbele, kwa hiyo hukijua chombo kwa mgongo na kwa nyayo. Maji yanavyokimbilia upande mmoja humwambia kimelala kiasi gani. Tanga likianza kupapatika juu ya kichwa chake, anajua nahodha ameielekeza gubeti, ile pua ya chombo, kwenye upepo kupita kiasi, na anajua kabla mwenzake aliyekaa ubaoni hajajua. Yeye pia ndiye anayelirushia tanga maji. Kitambaa cha pamba kikilowa, nyuzi huvimba, matundu yakazibika, upepo ukashikika. Akirusha mengi tanga huwa zito. Akirusha machache hukauka kabla ya kufika boya. Kipimo chake hakikuandikwa popote, na hakuna anayemtajia. Atakijua, au hatakijua.

Daraja la pili ni ubaoni. Ubao mrefu hutolewa nje upande unakotoka upepo, vijana wakaukalia wakining'inia juu ya bahari, ili uzito wao ukizuie chombo kisilale. Wao ndio farumi, ila farumi hii ina masikio. Upepo ukipiga husogea nje, ukilegea hurudi ndani, na anayechelewa huwachelewesha wote. Daraja la tatu ni demani, ile kamba inayolitawala tanga. La mwisho ni usukani. Njiani mna kazi nyingine za kupandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, kwa kamba ya henza na kuangalia mbele, lakini hayo manne ndiyo nguzo.

Anayetaka kujua kwa nini madaraja haya hayarukwi na atazame chombo kinavyogeuka. Tanga letu ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali ndefu, na foromali hukaa upande mmoja wa mlingoti. Chombo kikipiga bisha, kikienda pogo kuukabili upepo, kila kigeukapo foromali lazima isimamishwe wima, ipitishwe mbele ya mlingoti, ilazwe upande wa pili. Wakati huohuo demani imeachiwa, na mtu anakimbia nayo akiuzunguka mlingoti kwa mbele kabla tanga halijajaa. Ubao umevutwa ndani na kusukumwa nje upande mwingine. Waliokuwa wameukalia wamevuka chombo mbio, wameinama, mtu asimkanyage mwenzake. Aliye ngamani ameinua mikono ili asikatwe vidole na ubao. Yote hayo hufanyika kwa pumzi chache, na mtu mmoja tu akiwa hajakomaa, chombo husimama kikipepesuka huku vyombo vingine vikipita.

Timu ninayoishabikia sitaitaja, maana mwenye chombo ni mtu wa kusoma magazeti. Nitasema tu kwamba kwa sasa ina vijana watatu wa kutazamwa. Wa kwanza yuko ubaoni na ni kipenzi cha umati. Anakaa ncha kabisa, anasimama pasipokuwa na haja ya kusimama, na mabinti wa Shela wanalijua jina lake. Mwili anao, moyo anao. Kinachonitia shaka ni kwamba humtazama mtazamaji. Chombo kikigeuka, jicho lake huwa ufuoni kitambo kidogo kuliko inavyofaa, na kwenye ubao kitambo hicho ni kirefu.

Wa pili anashika demani, na huyu ndiye anayenitoa nyumbani siku za mazoezi. Alasiri moja upepo ulikuwa wa mafungu, unakuja kwa kishindo kisha unakatika, na mimi nilikuwa gatini nikiitazama mikono yake tu. Fungu lilipokaribia, maji yakawa meusi kwa mbali, naye akailegeza kamba kiasi cha shubiri kabla nahodha hajafungua kinywa. Chombo kikanyanyuka badala ya kulala. Lilipopita, akaivuta tena taratibu, mkono juu ya mkono, bila kuzungusha kamba kiganjani kama wafanyavyo wasiojua, ambao siku moja kamba huwavunja vidole. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akacheka kidogo. "Huyo amesikia maji," akasema, na kwa mzee yule hiyo ni hotuba nzima.

Wa tatu ni wa ngamani, mdogo bado, na juu yake sina la kusema zaidi ya kwamba chombo hurudi kikavu.

Basi ubishi wa barazani sasa ni huu: kijana wa demani apewe usukani? Wenzangu wengi wanasema apewe, tena upesi, kabla hajaibiwa. Hofu yao ina msingi. Mwenye chombo kingine akiona mikono kama ile hamwachi. Humwita kando, akamwahidi usukani msimu ujao na posho juu yake. Na vijana wana haraka, ndiyo haki ya ujana. Nilimsikia nahodha wetu akimjibu kijana aliyeomba ajaribu: "Yeo si yako, mwanangu. Keti." Hakumkaripia. Alimwambia kama baba anayefunga mlango usiku.

Mimi niko na nahodha. Mikono ya demani huisoma hewa. Usukani unadai kusomwa kwa maji pia, na maji ya Lamu hayasomeki kwa msimu mmoja. Mkondo huingia na kutoka kwa nguvu, hasa wakati wa bamvua, na anayeshindana na mkondo amekwisha kushindwa kabla ya kushindana na mtu. Lazima ajue ni wapi maji yanamsukuma na ni wapi, hatua chache kando ya fungu la mchanga, yamelala. Watu wa visiwa hivi wanajua gharama ya kutokujua. Katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, jeshi la Mombasa na Pate lilipopigwa na kukimbilia vyombo vyake, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Tangu hapo Lamu haikuwa mji wa kuchezewa. Hata leo, kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ni mpaka uende na saa ya maji, si saa ya mkononi.

Kinachonisumbua si haraka ya vijana, ni uhaba wa saa za kusafiri kwa tanga. Zamani mtoto alifika kwenye mashindano akiwa amekwisha kulala baharini miaka. Alikwenda na baba kuvua, alibeba mawe ya kujengea kutoka Maweni kule Manda, alikwenda na ami kuchukua boriti za mikoko. Mashindano yalikuwa kilele cha kazi aliyoifanya kila siku. Leo mashine imewekwa karibu kila tezi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, mikoko nayo ikaguswa, na vyombo vya boriti vikakaa ufuoni. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, na mnamo Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Fidia huhesabu samaki. Haihesabu kwamba mvuvi akiacha bahari, mtoto wake amekosa mwalimu.

Kwa hiyo timu za mashindano zimebaki kati ya madrasa ya mwisho ya tanga, pamoja na vijana wanaowatembeza watalii jioni. Usiwadharau hao wa watalii. Safari ya kutazama jua likizama, kwa upepo mwembamba na abiria wasiotaka kulowa, hufundisha ulaini wa mkono ambao mashindano hayafundishi. Mmoja wa wale watatu niliowataja ametokea huko.

Tukitaka kuona timu inavyomalizika kwa kukosa vijana nyuma, hatuna haja ya kwenda mbali. Kenya ilikuwa taifa kubwa la mpira wa magongo. Mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona, timu iliyoongozwa na Avtar Singh Sohal ilishika nafasi ya nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Wale walikuwa mafundi. Lakini wengine walistaafu, wengine wakahama nchi, na foleni iliyokuwa nyuma yao ilikuwa fupi. Timu ya wanaume haijarudi Olimpiki tangu Seoul 1988. Kinyume chake, kule Kanada na Marekani, kwenye ligi kubwa ya magongo ya barafuni, vijana huchaguliwa wakiwa na miaka 18, kisha wengi wao hurudishwa ligi za chini miaka kadhaa, na mashabiki huwafuatilia huko kwa subira ya mvuvi wa mshipi. Kumbe wenye fedha zote zile nao wanajua kuchelewesha.

Jawabu tunalo hapahapa kisiwani, kwa mafundi wa kuunda. Matondoni chombo huundwa bila mchoro wa karatasi. Jicho la fundi ndilo mchoro, na jicho hilo halipatikani ila kwa kukaa chini ya fundi miaka, ukipitisha pamba kwenye nyufa na kushikilia mbao huku mwenzako akipiga misumari. Kuna wanaoona utaratibu huo umepitwa na wakati. Basi na waikumbuke Flipflopi, iliyozinduliwa Lamu mwaka 2018, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyotumika na kupambwa kwa vipande vya ndara zilizookotwa. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda, na mwaka uliofuata kilisafiri mpaka Zanzibar. Plastiki si mti: haina nyuzi, hupinda kwa joto, msumari haiushiki sawasawa. Walioweza kuishughulikia ni watu waliokomaa kwenye mti mpaka wakajua ni lipi la kubadilisha na lipi la kuacha. Aliyeharakishwa angejua njia moja tu, na njia ile ingemkatikia mkononi.

Ndiyo maana kijana wa demani ningemwacha pale alipo kusi hii na kaskazi inayofuata, ila si bure. Ningetaka mwenye chombo ampe posho ya haki, maana kumwambia mtu asubiri na njaa ni kumfukuza kwa adabu. Ningetaka siku za kawaida, pasipo kombe wala umati, nahodha amwachie usukani kutoka Shela hadi Matondoni na kurudi, maji yakijaa na yakipwa. Yule wa ubaoni ningemrudisha ngamani mwezi mmoja, akanune, akumbe. Wa ngamani ningempandisha ubaoni aanze kuonja upepo usoni.

Na sisi tulio ufuoni tuna deni letu. Kelele zetu ndizo zinazomfanya mwenye chombo aogope, ampandishe mtoto kabla hajaiva, kisha tukawa wa kwanza kumtukana akipinduka. Msimu huu timu yangu huenda ikamaliza ya tatu, pengine ya nne, nami nitapiga makofi yaleyale. Kombe nitalidai baada ya miaka mitano, na nitalidai kwa sauti.